Mwongozo Kamili: Kuwalinda Mafundi na Vibarua Wasipigwe na Jua Saiti

Maji yapo, lakini watu bado wanaanguka. Hilo ndilo lalamiko la wasimamizi wa saiti kila msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi. Msimamizi ananunua katoni za maji, anazifungia stoo, anatangaza "mwenye kiu aje achukue", halafu saa nane mchana kibarua aliyeanza jana anaanza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na karai la zege bado liko begani.

Kosa liko kwenye lile tangazo. Mtu anayelipwa kwa kutwa, anayejua kwamba getini kuna wengine wanaisubiri nafasi yake, hatakuja kukuomba maji wala kupumzika. Atavumilia mpaka mwili ukatae. Kwa hiyo mpango wa kujikinga na joto haumsubiri kibarua aombe. Anaupanga msimamizi, anautekeleza msimamizi, na unalipiwa.

Mwongozo huu nimeuandikia saiti ndogo na za kati za pwani, zenye watu 10 hadi 40: Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa. Anayesimamia vibarua wa barabara, shamba la mkonge au kupakua mizigo juani atabadilisha majina ya kazi tu.

## Vitu vya kuandaa kabla

Andaa vitu hivi kabla joto halijaanza. Karibu vyote viko saiti tayari, ila vinatumika kwa mambo mengine.

- Ndoo za lita 20 zenye koki na mfuniko. Hesabu lita 6 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku ya saa nane. Watu 20 ni lita 120, yaani ndoo sita.
- Kikombe cha kila mtu, chenye jina au alama yake.
- Turubai mbili imara. Moja ni ya kivuli. Ya pili ni ya dharura, na isifunikie saruji hata siku moja.
- Mirunda na kamba za kusimamishia kivuli.
- Pipa la lita 200 ambalo halikauki, au mpira wa maji unaofika kila pembe ya saiti.
- Deli la kuhifadhia barafu. Mpange mapema muuza barafu wa jirani. Wauza samaki wanamjua.
- Taulo kuukuu au vipande vya khanga.
- Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, angalau kumi.
- Filimbi, ubao wa kuandikia na daftari.
- Choo kinachofungika mlango. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya maji.

Kipimajoto cha kwapani sikukiweka, na ni kwa makusudi. Mtu aliyepigwa na jua akipimwa kwapani, namba inaweza kusoma chini sana kuliko joto lililo ndani ya mwili, nawe ukaridhika wakati mtu anakufa. Tutategemea akili yake na mwenendo wake.

## Hatua ya 1: Soma unyevu, usisome nyuzi peke yake

Asubuhi kabla hujagawa kazi, fungua utabiri kwenye simu uangalie namba mbili: nyuzi joto na asilimia ya unyevu. Mwili unapoa pale jasho linapokauka kwenye ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linatiririka tu mpaka kwenye buti bila kukauka, na joto linabaki ndani.

Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 mwili unazihisi kama 33. Nyuzi 32 hizohizo zenye unyevu wa asilimia 70, jambo la kawaida kabisa Dar mwezi wa pili, zinahisiwa kama 41. Hapo bado tunazungumzia kivulini. Jua la moja kwa moja linaweza kuongeza mpaka nyuzi 8. Ndiyo maana fundi aliyekulia Dodoma anakuja anacheka joto letu, na wiki ya kwanza tu linamshinda.

Programu nyingi za hali ya hewa zinaonyesha "joto linalohisiwa". Mimi nagawa siku hivi kwa kazi nzito: chini ya 32 ni siku ya kawaida, 32 hadi 40 ni siku ya joto, zaidi ya 40 ni siku ya hatari. Andika neno hilo moja kwenye ubao wa getini.

Jihadhari na siku ya mawingu isiyo na upepo, hasa mvua za masika zinapokaribia. Watu wanalegeza masharti kwa kuwa jua halichomi, kumbe unyevu umepanda na jasho halikauki.

Hatua imefanikiwa ukimuuliza saidia fundi yeyote, "Leo ni siku gani ya joto?" akakujibu bila kugeuka kuangalia ubao.

## Hatua ya 2: Hamisha kazi nzito, usihamishe watu tu

Dar jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Mwezi wa Februari linafika saa 6:35 hivi, na joto la hewa linabaki juu mpaka saa tisa. Kipindi cha hatari basi ni saa tano na nusu mpaka saa tisa alasiri.

Kazi za kuvunja mgongo zianze mapema, saa 12:30 asubuhi, jua linapochomoza. Hapo panga kumwaga zege, kuchimba msingi, kubeba kokoto, kupandisha tofali na kupaua. Zege la slabu likiwa kubwa, lianze mapema zaidi kwa taa, ili saa tano mnamalizia kusawazisha.

Saa tano na nusu hadi saa tisa ni za kazi za ndani na za kivulini: kukata na kukunja nondo chini ya turubai, kulainisha kuta za ndani kwa skimu, nyaya, mabomba, kupanga stoo, kusafisha mbao. Baada ya saa tisa rudisheni kazi ya wastani ya nje.

Kupaua nakutenga peke yake. Fundi aliye juu ya bati anachomwa na jua kutoka juu na anachomwa tena na bati kutoka chini. Siku ya hatari, saa nne asubuhi awe ameshashuka.

Kwa plasta na rangi za nje, fuateni kivuli cha jengo. Asubuhi fanyeni ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Ni jambo la bure, na bado kila siku naona mafundi wamepangwa kinyume chake kwa sababu jukwaa lilifungwa upande wa jua.

Bosi atakuuliza kuhusu ratiba. Mjibu kwa lugha ya zege: zege likimwagwa mchana wa joto linapoteza maji haraka, linashika kabla hamjamaliza kulisawazisha, na linatoa nyufa. Hoja hiyo inaingia haraka kuliko ya afya. Akitaka mfano wa mbali, nchi za Ghuba zinapiga marufuku kazi za juani kwa sheria. Oman, kuanzia Juni hadi Agosti, ni saa 6:30 mpaka saa 9:30 mchana. Qatar, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, ni saa nne asubuhi mpaka saa 9:30. Huko joto ni kali kuliko letu na majengo yanapanda. Vijana wetu waliofanya kazi huko watakuhadithia.

## Hatua ya 3: Simamisha kivuli cha juu

Wengi wanategemea kivuli cha ukuta. Dar jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Majuma hayo, mchana, ukuta hauna kivuli cha kukalia. Unachohitaji ni kitu cha juu.

Funga turubai juu ya mirunda, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama, na pande zote ziwe wazi upepo upite. Ukiwa na makuti, ni bora kuliko turubai. Bati tupu lililofungwa chini chini linageuka kuwa jiko. Kontena la stoo ndilo baya kuliko yote, na usimruhusu mtu kulala humo mchana hata kama mlango uko wazi.

Kiweke karibu na kazi. Kivuli cha mwendo wa dakika tano hakitumiki, watu watajibanza chini ya karai. Kama jengo ni refu, weka cha pili kwenye ghorofa linalojengwa.

Kukijaribu ni rahisi. Kaa wewe mwenyewe chini yake saa saba mchana kwa dakika tano. Usipohisi upepo shingoni, kihamishe.

## Hatua ya 4: Maji yaende kwa mtu

Kipimo ni kikombe kimoja cha robo lita kila baada ya dakika 20. Ndiyo lita 6 nilizopiga hesabu mwanzo. Kunywa kidogo kidogo kunashinda kunywa lita nzima kwa mkupuo saa sita, kwa sababu tumbo haliwezi kulipitisha lote haraka, na mtu akirudi kazini analitapika.

Mteue mtu mmoja awe mgawa maji. Kwenye saiti ndogo awe mtunza stoo. Kazi yake ni kupuliza filimbi, kupita na ndoo kwenye toroli, na kuhakikisha kila mtu amekunywa mbele yake. Aliye juu ya jukwaa apelekewe juu. Kiu ni dalili inayochelewa. Anayeisikia tayari yuko nyuma.

Kuna kiwango cha juu pia: mtu asifikishe lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu, naye anaweza kuchanganyikiwa au kupata degedege kama aliyepigwa na jua.

Chumvi. Kwa wengi inatosha ile ya chakula, mradi wale. Kibarua anayeruka chai ya saa nne ili abaki na pesa ndiye atakayebanwa misuli saa nane. Ongea na mama ntilie awapikie maharage, mchicha au supu yenye chumvi, na ikiwezekana mwajiri alipie chai hiyo. ORS ni ya mtu anayebanwa misuli, aliyeharisha usiku, au aliyetoka jasho jingi kwa saa nyingi. Pakiti moja iingie kwenye lita moja, kama maelekezo yake yanavyosema. Pakiti zikiisha, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu. Mwenye presha asinyweshwe hivyo siku nzima.

Vinywaji vya nguvu. Ni ugonjwa wa saiti zetu siku hizi. Kijana anakunywa chupa mbili asubuhi tumbo tupu, moyo unakimbia, haoni uchovu, anajipita kiasi. Visihesabiwe kama maji. Na aliyekunywa pombe jana usiku mpaka akalewa anaanza siku akiwa ameshakauka, kwa hiyo mpe kazi ya kivulini.

Usafi. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, ndoo zifunikwe, watu wasichovye vikombe. Kipindupindu hakingoji.

Choo. Akina mama wanaobeba maji na kokoto hunywa kidogo kwa makusudi pale ambapo choo hakuna au hakifungiki. Ukiona dada anakataa maji, kagua choo kwanza kabla hujamlaumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi na salama ya kunywa. Choo ndicho kinachofanya maji hayo yanywewe.

Utajua maji yanatosha kwa rangi ya mkojo: uwe wa manjano hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mtu amekauka. Ukiwa kama soda nyeusi, hasa kwa mtu ambaye misuli inamuuma, huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini.

## Hatua ya 5: Mgeni wa saiti asipewe karai siku ya kwanza

Ukiwa na nguvu ya kutekeleza hatua moja tu, tekeleza hii.

Takwimu za wakala wa usalama kazini wa Marekani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya juma la kwanza. Si kwamba wageni ni wavivu. Mwili unahitaji juma moja hadi mawili kuzoea: uanze kutoa jasho mapema, utoe jingi zaidi, upunguze chumvi inayopotea, na moyo upunguze kwenda mbio. Hakuna ujasiri unaoharakisha jambo hilo.

Utaratibu unaokubalika ni huu. Mgeni kabisa afanye kazi nzito ya juani kwa asilimia 20 ya siku ya kwanza, kisha 40, 60, 80 na 100 siku ya tano. Mzoefu aliyekuwa likizo au mgonjwa kwa juma au zaidi aanze na asilimia 50, kisha 60, 80, na 100 siku ya nne.

Kwa saa za kazi, asilimia 20 ya saa nane ni kama saa moja na nusu. Kijana mpya abebe zege kuanzia saa 12:30 mpaka saa mbili asubuhi, halafu ahamie kupanga nondo kivulini, kulowesha tofali, kuhesabu mifuko, kusaidia stoo. Alipwe kutwa nzima. Mfunge kitambaa cha rangi kwenye kofia ili nyapara yeyote asimwite kwenye karai kwa kutojua.

Najua pingamizi: "Hawa ni vibarua wa kutwa, kesho wanakuja wengine." Basi saiti yako kila siku ina watu wa siku ya kwanza, na hiyo ndiyo saiti inayoangusha watu. Kubaliana na kundi moja kwa juma zima au mawili. Utapoteza uhuru wa kuchagua getini kila asubuhi, utapata watu waliozoea jua na wanaojua saiti ilivyo.

Mgeni wa Iringa au Njombe ana shida mara mbili. Ametoka kwenye baridi, tena anaona aibu kusema.

## Hatua ya 6: Mapumziko yawe amri, na yalipwe

Kwa kazi nzito ya juani mimi natumia kipimo hiki: siku ya kawaida, dakika 10 kivulini kila saa; siku ya joto, dakika 15; siku ya hatari, nusu saa kazi na nusu saa kivuli, au kazi nzito isimame kabisa mpaka alasiri. Kupumzika ni kukaa kivulini, kofia na koti la kiakisi vimevuliwa, taulo lililoloweshwa liko shingoni. Kwenda kubeba mfuko mmoja "kwa kuwa umekaa tu" si mapumziko.

Mpango huu huvunjwa na malipo ya kipande. Fundi anayelipwa kwa mita ya plasta au kwa idadi ya tofali anapoteza hela kila akikaa. Filimbi italia naye ataendelea kupiga mwiko. Mambo mawili yanasaidia. Weka muda wa kupumzika ndani ya bei tangu mnapopatana, useme wazi kwamba bei imepanda kwa ajili hiyo. Pili, simamisha kundi zima kwa pamoja, mashine za kuchanganyia zege zizimwe, pasiwepo zege la kubeba. Mtu hawezi kufanya kazi peke yake kwenye zege.

Nguo nazo zisimamie hapa. Shati jepesi la pamba, la mikono mirefu, lililolegea, la rangi nyeupe au hafifu, linashinda kukaa kifua wazi, maana ngozi iliyoungua inapoa vibaya. Harara zikimjaa mtu mgongoni na kiunoni, jasho lake halitoki vizuri sehemu hizo. Apunguziwe jua mpaka zipone. Zuia makoti ya mpira na nailoni mchana.

## Hatua ya 7: Wapange wawili wawili

Akili ndiyo ya kwanza kuharibika joto likizidi, kwa hiyo mgonjwa hajui kwamba anaumwa. Anayejua ni mwenzake. Kila asubuhi kila mtu awe na jozi yake, nao waulizane kila filimbi inapolia.

Maswali yawe mepesi: "Kaka, leo siku gani? Asubuhi umekula nini? Hebu tembea mpaka kwenye ndoo urudi." Anayejibu kwa kusitasita, anayekuwa mkali ghafla, au anayeyumba, huyo ameshakwisha kwa leo.

Tofautisha ngazi mbili. Ya kwanza ni uchovu wa joto: jasho jingi, kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inabana, lakini akili iko sawa. Mkalishe kivulini, mvue buti na shati, mwagie maji, mpe ORS kidogo kidogo. Nusu saa ikipita hajapata nafuu, au akitapika, mpeleke hospitali. Akipata nafuu bado asirudi juani siku hiyo.

Ya pili ni kiharusi cha joto, yaani kupigwa na jua kwenyewe, nayo inatambulika kwa akili kuharibika: anachanganyikiwa, anaropoka, anagombana, anaanguka, anapata degedege. Usidanganyike na jasho. Vitabu vya zamani vinasema ngozi inakauka, lakini aliyepigwa na jua akiwa kazini mara nyingi bado ameloa. Na kwenye saiti zetu dalili hizi hupewa majina mengine: kavuta bangi, kalewa, kapandwa na mashetani, malaria imepanda kichwani. Kama alikuwa kwenye kazi nzito juani, mchukulie kuwa ni joto mpaka hospitali iseme vingine.

Watu wa kuangaliwa zaidi: mwenye homa au aliyeharisha, mwenye selimundu, mwenye kisukari, anayetumia dawa za presha za kukojoza, mjamzito, aliyevuka miaka 55, na aliyelala saa chache. Usiwaulize mbele ya wenzao. Waulize pembeni siku ya kuwaandika.

Wakati wa Ramadhani. Miaka hii mfungo unaangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Waliofunga wafanye kazi nzito mara baada ya jua kuchomoza, wamalize saa nne au saa tano, saa zinazobaki wawe kivulini au waende nyumbani. Kumwaga zege usiku baada ya futari kunawezekana ukiwa na taa. Wahimize daku nzuri na maji mengi kati ya futari na daku. Mtu akianza kuchanganyikiwa, mjadala wa swaumu umekwisha. Mpozeni mara moja.

## Hatua ya 8: Akianguka, mpozeni kwanza, gari baadaye

Hapa ndipo maisha yanapopotea bure. Watu wanambeba mgonjwa ambaye mwili unachemka, wanampakia kwenye bajaji na nguo zake zote, wanakaa kwenye foleni ya magari ya Tazara, Dar, dakika 40, anafika hospitali amechemka bado. Joto la ndani likivuka nyuzi 40, ubongo, ini na figo vinaharibika kwa kila dakika linapobaki juu. Lengo ni kulishusha ndani ya nusu saa tangu aanguke.

1. Mmoja apige simu ya gari la wagonjwa au atafute gari. Wengine waanze kumpoza papo hapo bila kusubiri.
2. Mtoeni juani. Mvueni kofia, buti, koti, shati na suruali. Kama ni mwanamke, akina mama wazungushe khanga, lakini msichelewe.
3. Tandazeni ile turubai ya pili. Mlazeni katikati. Watu wanne hadi sita washike pembe na kingo waziinue, turubai iwe kama mtumbwi.
4. Mwageni maji ndani, ndoo baada ya ndoo, na barafu yote iliyo kwenye deli. Mmoja kazi yake iwe moja tu: kushika kichwa kibaki juu ya maji.
5. Wanaoshika turubai wayumbishe maji huku na huku yapite juu ya mwili. Maji yaliyotulia yanapata joto karibu na ngozi na kuacha kupoza.
6. Endeleeni dakika 15 hadi 20, au mpaka akili irudi na aanze kutetemeka. Halafu mpakieni, na njiani muendelee kumlowesha na kumpepea, madirisha wazi.

Maji yakiwa haba, lowesheni taulo na khanga kwa maji ya barafu, mfunikeni mwili mzima, mzibadilishe kila zinapopata joto, na mmoja apepee kwa kipande cha boksi. Kuweka barafu kwapani na kinenani peke yake kunasaidia kidogo tu.

Msifanye haya. Msimnyweshe chochote mtu aliyechanganyikiwa, maji yataingia kwenye mapafu. Msimpe panadoli wala aspirini: homa ya jua haishuki kwa dawa hizo, na zinaweza kuliumiza ini au kuongeza damu kutoka. Akipata degedege, msimtie kijiko mdomoni, mgeuzeni ubavu. Asipopumua, anzeni kumkandamiza kifua.

Atatokea mzee mmoja atakayesema maji ya barafu yatampa nimonia au yatamsimamisha moyo. Mheshimu, muombe ashike kona ya turubai.

Mkifika hospitali, semeni kwa ufupi: "Alikuwa kazi nzito juani, akachanganyikiwa saa nane na robo, tumempoza kwa maji ya barafu dakika 20." Bila maelezo hayo, mtu mwenye joto kali na akili iliyovurugika anaweza kuanzishiwa matibabu ya malaria peke yake. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, lakini joto lisisahaulike.

Zoezi la turubai lifanyeni kabla ya msimu, kijana mmoja mwepesi ajilaze, mtumie maji ya kawaida. Mara ya kwanza watu wanacheka na kumwagiana. Mara ya pili mtaona nani anafaa kushika kichwa na pipa liko mbali kiasi gani. Mkiweza kutoka filimbi hadi ndoo ya kwanza chini ya dakika tatu, mko tayari.

## Hatua ya 9: Kumrudisha kazini

Aliyepata uchovu wa joto apumzike siku inayofuata, akirudi aanze na nusu ya kazi. Aliyepata kiharusi cha joto asirudi mpaka daktari aandike, na akirudi ahesabiwe kama mgeni kabisa, asilimia 20 siku ya kwanza. Mwili uliowahi kupigwa unaweza kupigwa tena kwa urahisi kwa muda fulani.

Siku alizolala alipwe. Kwa Tanzania Bara, ugonjwa au ajali iliyotokana na kazi inaripotiwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na madai yanapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fungua faili mapema, wakati mashahidi bado wako saiti.

Kisha fungua daftari uandike mistari mitano: siku ilikuwa ya aina gani kwenye ubao, alikuwa na siku ngapi saiti, alikuwa akifanya kazi gani na saa ngapi, alikunywa mara ngapi kwa kumbukumbu ya mgawa maji, na ilichukua dakika ngapi tangu aanguke mpaka ndoo ya kwanza. Mstari wenye jibu baya kuliko mingine ndio unaoanza kurekebishwa kesho asubuhi, kabla ya kugawa kazi.